Kuvusha, Kutorosha na Kufanya Magendo: Maana na Matumizi ya Kitenzi "Smuggle" katika Kiswahili cha Mpakani Busia

Huko Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda unafuata mto, na anayetoka upande mmoja kwenda wa pili huvuka kweli kweli, kwa maana ile ya asili ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaifahamu. Mjini Busia hali ni tofauti. Mpaka haufuati maji wala mlima. Unapita kati ya nyumba na maduka, na mtaa wa Sofia ulio upande wa Uganda umeshikamana na mji wa Kenya kiasi kwamba mgeni anaweza kubadili nchi bila kujua. Hata hivyo, kitenzi kinachotumika ni kile kile. Mtu huvuka Malaba na huvuka Busia. Akiwa na gunia, huvusha gunia.

Makala haya yanachunguza maana na matumizi ya kitenzi cha Kiingereza "smuggle" pamoja na maneno ya Kiswahili yanayodhaniwa kuwa visawe vyake: kufanya magendo, kuvusha, kupitisha, kupenyeza, kutorosha na kulangua. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba mzigo wote wa kitenzi hicho. Kimeugawa mzigo kati ya vitenzi kadhaa, na mgawanyo huo si upungufu wa lugha. Tatizo huzuka pale mfasiri au mkalimani anapookota kimojawapo na kukifanya kiwe badala ya vyote. Katika gazeti, matokeo yake ni sentensi isiyo sahihi. Kizimbani, matokeo yake ni mtu kukiri jambo ambalo hakulisema.

Mzigo wa kitenzi cha Kiingereza

Neno "smuggle" liliingia katika Kiingereza katika karne ya 17 kutoka lugha za jirani za pwani ya Bahari ya Kaskazini, yaani Kijerumani cha Kaskazini na Kiholanzi. Ni neno la mabaharia na maofisa wa ushuru. Ukilichambua kisemantiki, utakuta sifa tatu zilizofungamana. Ya kwanza ni mwendo: kitu kinatoka mahali kwenda pengine, tena kwa kuvuka mstari fulani. Ya pili ni siri: mwenda nacho hataki kionekane. Ya tatu ni sheria: kuna mamlaka iliyokataza, au inayodai malipo, na mwenda nacho anajua.

Sifa hizo haziachani. Anayesema kwa Kiingereza kwamba mtu fulani alifanya kitendo hicho amesema yote matatu kwa pumzi moja, na sifa ya tatu ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa ndani yake mna nia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inalifafanua neno hilo katika kifungu chake cha 2, na ufafanuzi wenyewe umeegemezwa kwenye nia: kuingiza au kutoa bidhaa katika nchi mwanachama kwa kusudi la kuidhulumu forodha mapato yake, au la kukwepa katazo, kizuizi, kanuni au sharti lililowekwa. Ukiondoa kusudi, kinachobaki ni uchukuzi tu.

Kiingereza pia hulitumia neno hilo kwa njia ya sitiari, kama vile barua kuingizwa gerezani au chakula kuingizwa bwenini. Matumizi hayo yatarejelewa baadaye kidogo, kwa maana Kiswahili kina kitenzi chake kwa hayo.

Magendo

Neno la Kiswahili linalokaribia zaidi uzito wa sheria ni magendo. Hili ni nomino, si kitenzi, na hapo ndipo ugumu wa kwanza unapoanzia. Ili litumike kwa kitendo, halina budi kusaidiwa: mtu hufanya magendo, au huingiza bidhaa kwa magendo. Umbo lake linakaribiana na shina -genda, ambalo katika Luganda na lugha nyingine za Kibantu lina maana ya kwenda. Sikio la mzungumzaji wa lugha hizo halipati taabu kulielewa kama neno la mwendo. Hata hivyo, katika Kiswahili cha leo mwendo umefifia ndani yake na uharamu umebaki.

Historia ya mpaka huu imechangia sana kulieneza. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara rasmi ya Uganda ilianguka, na bidhaa za kawaida kabisa kama sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Uchumi uliochukua nafasi yake uliitwa magendo, na jina hilo la Kiswahili likaingia hata katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza. Mwanauchumi Reginald Green alilitumia katika kichwa cha andiko lake la mwaka 1981 kuhusu Uganda. Waliotajirika kwa uchumi huo waliitwa "mafuta mingi". Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kwamba upatanisho wa kisarufi umekosewa, kwani ilipasa kuwa "mafuta mengi". Lakini kosa hilo lina faida kwa mtafiti: linaonyesha kwamba msamiati huu ulikuwa mikononi mwa watu wa kawaida ambao Kiswahili kilikuwa kwao lugha ya soko, wala haukutoka katika kamusi.

Wakati huo huo upande wa Kenya ulikuwa ukipokea kahawa. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na mkulima wa Uganda, aliyelipwa kidogo na bodi ya serikali yake, aliitazama Kenya. Soko la Chepkube, kaskazini mwa Busia kuelekea Mlima Elgon, likapata sifa iliyodumu hadi leo. Kwa Uganda, kahawa hiyo ilikuwa mali iliyoibwa. Kwa wengi upande wa Kenya, ilikuwa riziki. Neno magendo lilitumika pande zote mbili, ila lawama iliyomo ndani yake haikuwa na uzito sawa.

Jambo hili linatoa funzo la kisemantiki. Magendo ni neno linalotegemea sheria iliyopo siku hiyo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikauruhusu tena kwa masharti. Gunia la mahindi lililovushwa Busia kabla ya katazo na lile lililovushwa siku iliyofuata yalikuwa na uzito ule ule na yalibebwa kwa baiskeli ile ile. La kwanza lilikuwa biashara, la pili magendo. Kitenzi kuvusha hakikubadilika hata kidogo.

Kuvusha, kupitisha, kupenyeza

Kuvusha ni kauli ya kusababisha ya kuvuka. Maana yake ya msingi ni kumfanya mtu au kitu kifike upande wa pili, iwe wa mto, barabara au mpaka. Msamaria mwema humvusha kipofu barabara. Mwenye mtumbwi huvusha abiria. Hakuna siri ndani yake wala hakuna kosa. Kinyume chake, kitenzi hiki kina harufu ya msaada. Neno bodaboda, ambalo asili yake inahusishwa na mpaka huu, kwa vijana waliowabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine, lilizaliwa katika kazi hiyo hiyo ya kuvusha. Leo limeenea Afrika Mashariki nzima, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba wanataja mpaka mara mbili.

Kwa mujibu wa utafiti wa Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda uliochapishwa mwaka 2007, miongoni mwa wachukuzi wa Busia walikuwamo watu wenye ulemavu wa miguu waliotumia baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, wakipakia bidhaa na kuzipeleka ng'ambo ya pili. Maofisa aghalabu hawakuwabana kama walivyowabana wengine. Je, kitendo hicho kiitwe nani? Mchukuzi alivusha mzigo wa mwenyewe kwa malipo. Mwenye mzigo ndiye aliyejua kama ushuru ulilipwa au haukulipwa. Kiingereza kingewatia wote wawili katika kitenzi kimoja. Kiswahili kinaweza kumwachia mchukuzi kuvusha na kumbebesha mwenye mali magendo. Huu ni utajiri ambao mfasiri mwenye haraka huutupa.

Kupitisha kunakaribiana na kuvusha, lakini hutazama kizuizi badala ya ng'ambo. Mtu hupitisha mzigo langoni, mbele ya askari au katika njia ya panya. Istilahi hii ya mwisho, njia ya panya, imefaulu kuliko nyingi: hata magazeti ya Kiingereza ya Kenya na Uganda huandika "panya routes", yakiwa yamechukua nusu ya Kiswahili na kuacha nusu. Kupitisha nako hakumtii mtu hatiani. Bunge hupitisha sheria, na mama hupitisha mkungu wa ndizi, kwa kitenzi kimoja.

Kupenyeza ndiko kulikobeba sifa ya siri. Kitu hupenya panapobana, na anayekipenyeza anajua kwamba panabana. Kwa hiyo, pale Kiingereza kinaposema kwa sitiari kwamba barua iliingizwa gerezani kwa siri, Kiswahili fasaha kitasema ilipenyezwa. Kusema kwamba mwanafunzi alimwingiza rafiki yake bwenini "kwa magendo" kunawezekana, ila kwa mzaha tu, na wanafunzi wa vyuo wanaujua mzaha huo. Kupenyeza pia kuna undugu na ile methali ya wahenga isemayo penye udhia penyeza rupia. Mpakani, methali hiyo haihitaji maelezo. Kitenzi kinachopitisha bidhaa panapobana ndicho kinachopitisha hongo, na huenda ndiyo sababu sikio la msikilizaji hulipokea neno hili kwa shaka zaidi kuliko kuvusha.

Kutorosha na kulangua

Vitenzi viwili vilivyobaki vinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa maana yake hubadilika kufuatana na nchi.

Kutorosha ni kumfanya mtu atoroke. Aliyetoroshwa alikuwa chini ya mwenyewe: mfungwa, mtumwa, binti wa watu. Katika Kiswahili cha Tanzania kitenzi hiki kimepata matumizi rasmi, hivi kwamba utoroshaji wa madini na utoroshaji wa wanyama hai ni misemo ya kawaida katika taarifa za serikali na vyombo vya habari. Maana iliyomo ni kwamba mali hiyo ina bwana wake, ambaye ni taifa, na imekimbizwa kutoka kwake. Kitenzi hiki kwa hiyo kina mwelekeo: bidhaa hutoroshwa kutoka, haitoroshwi kuingia. Gunia moja la kahawa likivuka Busia mwaka 1976 lilitoroshwa kwa macho ya Kampala, lakini kwa macho ya Nairobi liliingizwa. Kiingereza hakiulizi aliyesimama kuzungumza yuko upande gani. Kiswahili kinauliza, na mfasiri hana budi kujibu kabla ya kuandika.

Kulangua ni mtihani mgumu kuliko yote. Katika Tanzania, mlanguzi ni yule anayenunua bidhaa, akaificha au kuihodhi, kisha akaiuza kwa bei ya kuwakamua watu. Kampeni ya mwaka 1983 iliyosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine iliwaandama walanguzi na wahujumu uchumi, na wengi wao walikamatwa kwa bidhaa zilizokuwa ghalani, si mpakani. Nchini Kenya, neno lilo hilo limehamia kwenye dawa za kulevya na binadamu: ulanguzi wa mihadarati, ulanguzi wa watu. Mwanafunzi aliyelelewa Dar es Salaam na mwenzake aliyelelewa Nambale wakisoma habari moja yenye neno mlanguzi, mmoja ataona duka lililofungwa na mwingine ataona lori la usiku.

Madhara hayaishii hapo. Itifaki mbili za Umoja wa Mataifa za mwaka 2000 zinatenganisha mambo mawili: kumvusha mhamiaji kinyume cha sheria kwa ridhaa yake na kwa malipo, ambako Kiingereza hukuita "smuggling", na kumchukua mtu kwa hila au nguvu ili atumikishwe, ambako huitwa "trafficking". Wa pili ni mhanga anayestahili ulinzi hata kama alikubali mwanzoni kwa kudanganywa. Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya kosa hili la pili mwaka 2010, na Tanzania mwaka 2008. Lakini Kiswahili cha habari nchini Kenya huyatia yote mawili katika ulanguzi wa binadamu, na kile cha Tanzania hutumia usafirishaji haramu wa binadamu kwa kosa la pili, ilhali maneno yenyewe yanaelezea la kwanza vizuri zaidi. Msichana aliyepitishwa Malaba akielekea kazini asikokujua, na kijana aliyemlipa dereva ampitishe kwa hiari yake, wanatoka kwenye ukurasa wakiwa na jina moja. Ingefaa la kwanza liitwe uvushaji haramu wa wahamiaji, na la pili biashara haramu ya binadamu, istilahi ambayo tayari ipo na inaeleweka.

Kizimbani

Yote yaliyotangulia yanaweza kuonekana kama mjadala wa darasani. Mfano mmoja wa kubuni utaonyesha kwamba sivyo. Mama mmoja mchuuzi wa Busia anafikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya magunia mawili ya maharage kutoka Uganda yaliyopita njia ya panya. Shtaka limeandikwa kwa Kiingereza. Mkalimani analisoma: "Unashtakiwa kwamba ulivusha maharage." Mama anajibu: "Ndiyo, Mheshimiwa, nilivusha." Mkalimani anarudisha jibu hilo kwa Kiingereza, na sasa kitenzi kilichotoka kinywani mwake si kuvusha tena. Ni "smuggle", pamoja na siri yake na nia yake.

Hapa pana makosa mawili, sio moja. Katika kwenda, shtaka limepunguzwa: sifa ya nia, ambayo sheria ya mwaka 2004 imeifanya uti wa mgongo wa kosa, haikumfikia mshtakiwa. Katika kurudi, jibu limeongezwa: amekiri kisichokuwamo katika neno lake. Naye ana la kusema kuhusu nia. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru wa forodha zinapotimiza kanuni za uasili, na upo utaratibu uliorahisishwa wa biashara kwa shehena zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ambao humpa mchuuzi mdogo cheti cha uasili pale pale mpakani kwa bidhaa zilizokubaliwa. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mjini Busia mwezi Februari 2018, hukaguliwa mara moja tu. Mchuuzi asiyejua hayo huenda alikwepa foleni, akidhani anakwepa ushuru ambao hadaiwi. Au hakukwepa chochote, alifuata njia aliyoifuata nyanyake, ambaye kwa Wasamia na Wateso wa pande zote mbili ilikuwa njia ya kwenda kwa shemeji kabla ya kuwa njia ya panya. Haina maana kwamba hana kosa, kwani yapo masharti ya afya ya mimea na mengineyo. Ina maana kwamba kosa lake halijaulizwa.

Sheria ya Kenya imeliona tatizo hili kitambo. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kwamba shtaka pamoja na viini vyake vyote lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na kwamba akikiri, maneno yake yaandikwe kwa karibu iwezekanavyo na alivyoyatamka. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo hata hivyo inaishia kwenye ulimi wa mkalimani. Kama kamusi aliyosomea imempa visawe vitano bila kumweleza tofauti yake, ataokota kilicho karibu, na kilicho karibu mjini Busia ni kuvusha.

Inapendekezwa, kwa sababu hiyo, kwamba shtaka la aina hii lisisomwe kamwe kwa kitenzi kuvusha kikiwa peke yake. Liulizwe kwa vipande: je, ulivusha maharage haya, je, uliyapitisha pasipo kufika forodhani, je, ulikusudia kukwepa ushuru au sharti la serikali? Nalo jibu "nilivusha" lirudishwe kwa Kiingereza kwa kitenzi cha kubeba na kuvuka, si kwa kile cha magendo. Watunzi wa kamusi nao watusaidie kwa kuonyesha chini ya kidahizo hicho cha Kiingereza ni kisawe kipi kinachobeba nia na kipi kisichobeba, badala ya kuvipanga kwa mkato kana kwamba vinabadilishana nafasi.

Kazi hii haitasubiri sana. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi nchini humo. Siku sheria ya forodha itakapoandikwa kwa Kiswahili, kifungu cha 2 kitahitaji neno, na neno hilo litasomwa Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Nomino ipo tayari: magendo. Kwa kitenzi, "kuvusha kwa magendo" ni kirefu na hakipendezi sikioni, lakini kila sehemu yake inafanya kazi yake, na ikiondolewa sehemu ya mwisho, mchukuzi wa baiskeli anarudi kuwa mchukuzi.